UZI: Wanakijiji wa Ohio walivyokaa meza moja na serikali kuamua taka za mabomu ya nyuklia ziende wapi (na mawe ya Katanga yalivyohusika)

#1 Bwana Mipango

Wakuu, salaam.

Nyuklia ikitajwa humu ndani, kabla ya ukurasa wa pili tumeshafika Iran na Korea Kaskazini: nani analo, nani hana, nani atamtwanga nani. Uchafu uliobaki baada ya mabomu kutengenezwa haupati msemaji. Marekani peke yake ina maeneo zaidi ya 100 yaliyochafuliwa na kazi hiyo. Leo nalileta moja tu, Fernald, kwa sababu pale wananchi wa kawaida waliingizwa kwenye uamuzi wenyewe, na walichoamua sicho ambacho wengi wetu tungekitegemea.

Fernald iko kilomita kama 30 kaskazini-magharibi mwa Cincinnati, jimbo la Ohio. Kiwanda kilianza kujengwa 1951 katikati ya mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Kilisafisha urani na kuifanya chuma, kisha vyuma hivyo vikapelekwa Hanford na Savannah River, ambako mitambo ilitoa plutoniamu ya mabomu. Kwa kuwa jina rasmi la kiwanda lilisikika kama la malisho, na tangi lake la maji lilipakwa miraba myekundu na myeupe kama nembo ya kampuni moja ya vyakula vya mifugo, majirani wengi waliamini humo ndani kunatengenezwa chakula cha ng'ombe. Sitanii.

Mwishoni mwa 1984 ikavuja habari kwamba vichuja vumbi vya kiwanda vimepitisha zaidi ya kilo 130 za urani hadi hewani. Watu wakaanza kuuliza maswali, na katika kuuliza wakagundua jambo la pili, baya zaidi: tangu 1981 wenye kiwanda walijua kuna visima 3 nje ya uzio vyenye urani. Wanaokunywa maji ya visima hivyo hawakuambiwa. Mmoja wao ni Lisa Crawford, mama mwenye mtoto mdogo, mpangaji tu katika nyumba iliyo jirani na kiwanda. Huyu ndiye aliyekuja kuongoza kikundi cha majirani kilichoitwa FRESH. Hakuwa mwanasayansi wala mwanasiasa.

Januari 1985 wakafungua kesi ya pamoja dhidi ya mkandarasi aliyeendesha kiwanda. Mwaka 1989 wakakubaliana dola milioni 78, na sehemu ya fedha hizo ikatumika kuwapima afya maelfu ya wakazi kwa miaka mingi. Fedha zilitoka hazina ya serikali, kwa sababu mkataba ulimkinga mkandarasi. (Mikataba ya namna hiyo tunaifahamu.) Mwaka huohuo uzalishaji ukasimama na eneo likaingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo machafu kupita kiasi.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Nitaendelea chini, ngoja nijibu simu.

#2 Mtu Kwao

Nimeshatandika mkeka. Tiririka mkuu.

#3 Shangazi Ubungo

Bwana Mipango, hebu tuwe wakweli. Mwananchi wa kawaida anajua nini kuhusu mionzi? Mimi nimeitwa vikao vya tathmini ya mazingira mara kadhaa. Unasaini karatasi ya mahudhurio, unapewa soda na nauli, kijana anaonyesha michoro ukutani kwa kasi ya treni ya mwendokasi, mwisho wanasema "wananchi wameshirikishwa". Uamuzi ulishapita siku nyingi. Huko Ohio walikuwa na tofauti gani, soda zao zilikuwa za baridi zaidi?

#4 Ngosha Mkimya

😂😂 Shangazi kaua.

#5 Bwana Mipango

Shangazi, hata Wizara ya Nishati ya Marekani, mwenye kiwanda, ilianza na mtindo wako huohuo wa soda. Wenyewe wanaukumbuka hivi: amua, tangaza, kisha jitetee. Wananchi wakija kikaoni wanakuta kitabu kina kurasa mia tano na muda wa maoni unakaribia kwisha. Miaka ya mwanzo ya 1990 mtindo huo ulishagonga mwamba. Kila mpango uliotangazwa ulizua ugomvi, na makadirio ya usafi yalifika dola bilioni 12 na miongo ya kazi.

Mwaka 1993 wakaunda kikosi kazi cha wananchi. Mwenyekiti alikuwa John Applegate, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Cincinnati. Walikuwemo majirani wa kiwanda (Lisa Crawford alikuwemo), wafanyakazi wa kiwanda na viongozi wa mitaa. Wizara ya Nishati na mamlaka za mazingira, ya taifa na ya jimbo, walikaa mezani kama wajumbe wasio na kura. Rudia kuisoma hiyo sentensi. Wenye taka walikaa kusikiliza na kujibu maswali, kura hawakuwa nayo.

La pili, hawakuulizwa "mna maoni gani?" Ukimuuliza mtu swali la jumla hivyo atakupa hasira, na ana haki. Walipewa maswali manne ya kuamua: eneo hili baadaye litumike kwa nini, liwe safi kiasi gani, taka ziende wapi, na kipi kianze.

La tatu ndilo lililonifanya nifungue uzi. Walitengenezewa mchezo wa ubaoni. Ramani ya eneo imetandazwa mezani, juu yake visahani vimerundikwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikisimama badala ya kiasi fulani cha udongo mchafu. Mjumbe akisema "nataka watu waje kujenga nyumba na kulima hapa", sawa, ondoa visahani hivi vyote. Haya, umeviondoa, mkononi unavyo. Unaviweka wapi? Ukivipeleka Nevada, kwenye jalala la serikali kule jangwani, gharama hii hapa, na malori au treni ndiyo hizi, zitapita mbele ya nyumba yako na shule ya mwanao. Ukiviacha hapa, vitakaa kona gani, juu ya maji gani ya ardhini?

Watu walioingia wakisema "ondoeni kila punje ya uchafu hapa kwetu" walikuta rundo mikononi na hawana pa kuliweka isipokuwa kwenye ramani ya kijiji cha mtu mwingine.

Mwaka 1995 wakatoa mapendekezo yao. Pasilimwe, pasijengwe nyumba. Taka kali, ambazo ujazo wake ni mdogo, ziondoke Ohio. Taka hafifu, ambazo ndizo nyingi mno, zibaki palepale kwenye jalala maalumu lenye tabaka za udongo wa mfinyanzi na plastiki chini na juu. Wakaongeza masharti: udongo wenye urani inayozidi chembe 1,030 kwa milioni usiingie jalalani, na jalala lisipokee hata toroli moja la taka kutoka kwingine.

#6 Shangazi Ubungo

Kwa hiyo baada ya yote hayo taka zimebaki kwao. Wamepumbazwa kwa mchezo wa watoto. Serikali imepata ilichotaka, tena kwa saini zao.

#7 Bwana Mipango

Ningekuwa na shaka kama yako, kama si mambo mawili. Kwanza, taka kali ziliondoka kweli, na ndizo zilizokula akili na fedha. Taka za mashimo ya wazi zilipakiwa treni kwa treni hadi jangwani Utah. Pili, jalala lile lina mita za ujazo zipatazo milioni 2.2. Jaribu kuzihamisha kwa barabara kutoka Ohio hadi Nevada halafu uniambie wangapi watakufa kwa ajali njiani kabla mionzi haijagusa mtu. Hesabu hiyo waliiona wenyewe mezani.

Na kuna suala la haki. Watu wa Nevada nao wana macho. Walikuwa wanauliza: bomu halikutengenezwa kwetu, kwa nini kila jimbo linatuletea mavi yake? Fernald waliposema "tumebakiza sehemu kubwa kwetu, tunaomba mpokee hizi chache tusizoweza kukaa nazo", hiyo ni lugha ambayo jirani anaweza kuisikiliza. Hata hivyo haikutosha, nitaeleza.

#8 mwana_likasi

Bandugu, jambo. Miye ni mutoto wa Likasi, huku Katanga, Congo, na hii mambo inanigusa. Title inasema mawe ya Katanga, lakini bado hauyaeleza. Shinkolobwe, ile mine ya urani, haiko mbali na sisi. Bankambo betu njo balichimba ile mawe, kuyachagula na mikono, kutia mu magunia, bila mutu kubaambia ni kitu gani. Mu 2004 serikali ilifunga mine, na mu mwezi wa saba wa mwaka ule ule ikabomoka, bantu bakakufa. Ba creuseur (bachimbaji ba mikono) balikuwa banatafuta cobalt. Sasa naomba unieleze: ile mawe yetu ilifika Ohio namna gani?

#9 Bwana Mipango

Kaka mwana_likasi, karibu sana, ulikuwa unasubiriwa.

Mawe ya Shinkolobwe hayakuwa na mfano duniani. Yale mazuri yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati madini ya Colorado kule kwao yalikuwa hayafiki hata asilimia 1. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyokuwa na mgodi huo, aliona Wajerumani wataivamia Afrika pia, akasafirisha tani zaidi ya 1,200 hadi Staten Island, New York, zikakaa ghalani. Septemba 1942 jeshi la Marekani likaja kuzinunua, na mengine mengi yakafuata kutoka mgodini. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ilitoka kwenu.

Sasa taka. Ukishatoa urani kwenye mawe hayo, linabaki tope lenye radiamu nyingi, na radiamu inatoa gesi ya radoni. Tope hilo waliliita K-65. Wakala wa Union Minière waliuza urani tu, wakashikilia umiliki wa mabaki kwa sababu radiamu na madini mengine ndani yake yalikuwa na bei. Kwa hiyo Marekani ililitunza tope hilo kama mali ya watu! Sehemu ilijazwa kwenye silo 2 za zege pale Fernald, kama mita za ujazo 6,800. Miaka ya sitini kuta zikaonyesha udhaifu, wakazishikiza kwa kifusi kuzizunguka. Mwaka 1991 wakamwaga udongo wa bentonaiti juu ya tope ili kupunguza radoni inayotoka. Majirani waliishi wakiyatazama mapaa ya silo hizo kutoka barabarani.

Kwa hiyo lile rundo ambalo mama wa Ohio alilipigia kelele miaka ishirini, kwa asili yake ni la kwenu. Yeye alipata kikao, wakili na fidia.

#10 mwana_likasi

Na sisi hatukupata hata ile soda ya Shangazi.

#11 Shangazi Ubungo

Mwanangu, pole. Hiyo imeniingia.

#12 Kijana wa Songea

Naomba kuuliza, na sisi kule Mkuju, Namtumbo, urani ikichimbwa tutakuja kuwa kama hao?

#13 Bwana Mipango

Songea, Mkuju ni mgodi wa urani ya kuuza, mambo ya silaha hayamo, na kiwango cha urani katika mawe yake ni kidogo sana ukilinganisha na Shinkolobwe. Lakini mgodi wowote wa urani unaacha tope lenye radiamu, hilo halikwepeki. Swali la kuwauliza wenye mradi ni moja: bwawa la tope litakaa wapi, na nani anayapima maji ya visima jirani tangu kabla ya kuanza? Fungua uzi wake, nitachangia.

#14 Mtu Kwao

Mkuu rudi kwenye silo. Walizimalizaje?

#15 Bwana Mipango

Kwa tabu. Wahandisi walipenda wazo la kuliyeyusha tope liwe kioo, maana kioo hakimung'unyiki. Wakajenga kiwanda kidogo cha majaribio kwa kutumia tope bandia. Desemba 1996 tanuri likatoboka, kioo cha moto kikamwagika. Gharama zilikuwa zimeshapanda, na sasa aibu juu yake.

Hapa ndipo utajua kama ushirikishwaji ni wa kweli au wa picha. Ofisi nyingi zingeficha ripoti na kubadilisha mkandarasi. Wao walirudi kwa wananchi, wakafungua upya hesabu za kila njia, na baada ya mabishano marefu uamuzi wa kisheria ukarekebishwa mwaka 2000: tope lichanganywe na saruji na majivu ya makaa ya mawe, limiminwe kwenye makontena ya chuma. Teknolojia ya kawaida kabisa, ila inafanya kazi.

Makontena yakakaribia kuwa tayari, Nevada nao wakagoma. Mwaka 2004 jimbo likatishia kwenda mahakamani. Mwishowe mzigo ukapelekwa Andrews, Texas, 2005 na 2006. Hivyo mawe yaliyotoka chini ya ardhi ya Katanga sasa yamelala Texas, yakiwa zege.

Usafi wa Fernald ulitangazwa kukamilika 2006 kwa dola bilioni 4.4. Usafi wa maji ya ardhini haukuishia hapo: pampu zinaendelea kuyavuta na kuyachuja ili urani ishuke hadi chembe 30 kwa bilioni.

#16 Ngosha Mkimya

Na Hanford? Nasikia ndiyo jehanamu yenyewe, na wao wana bodi ya wananchi.

#17 Bwana Mipango

Kweli. Bodi yao ipo tangu 1994, na makubaliano ya kusafisha yalisainiwa 1989. Kabla ya hapo raia walipigania nyaraka mpaka 1986 serikali ikamwaga kurasa 19,000, na humo ndimo walimogundua kwamba Desemba 1949 kiwanda kiliachia iodini yenye mionzi hewani kwa makusudi, kama jaribio. Lakini Hanford ina matenki 177 chini ya ardhi yenye lita zaidi ya milioni 200 za taka za plutoniamu, na baadhi yameshavuja. Bodi haiwezi kuifanya kemia iwe rahisi. Inaweza kuzuia watu kutangaza "tumemaliza" kabla hawajamaliza. Na watu wa taifa la Yakama, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wana mkataba wa 1855 unaowapa haki ya kuvua na kuwinda huko, kwa hiyo wao hawaji kikaoni kama wageni waalikwa.

Ukitaka mfano wa pale ambapo wenyeji hawakupewa neno, nenda Algeria. Wafaransa walifanya majaribio 17 kule Reggane na In Ekker kati ya 1960 na 1966, wakafukia vifaa mchangani wakaondoka. Algeria bado inadai ramani za vilipofukiwa.

#18 Mbeba Boksi Ohio

Uzi umenikuta niko Dayton, mwendo wa saa moja kutoka hapo. Nimefika Fernald na familia. Kuingia ni bure. Jina sasa ni hifadhi: madimbwi, nyasi ndefu, njia za mbao za kutembelea, wazee wenye darubini wakitafuta ndege. Jalala lenyewe ni kilima kirefu cha nyasi, kimezungushiwa uzio, huruhusiwi kupanda. Mke wangu aliuliza kwa nini kilima kile kimenyooka namna ile, huku Ohio hii ni tambarare. Jengo la wageni lina picha za kiwanda na historia yote, hata ya visima wameiandika. Kongo imetajwa, kaka mwana_likasi. Imetajwa kama mahali mawe yalikotoka, basi.

#19 Shangazi Ubungo

Nimelainika kidogo, ila nina la mwisho. Urani haiishi leo wala kesho. Hicho kilima nani atakilinda? Mwenyekiti wa mtaa wetu hakumbuki bomba la maji lilipita wapi mwaka juzi.

#20 Bwana Mipango

Kimesanifiwa kudumu miaka 1,000, na kisipungue 200. Wizara ya Nishati ina ofisi maalumu tangu 2003 ya kusimamia maeneo yaliyokwisha kusafishwa: inapima maji yanayochuruzika chini ya jalala, inapima visima, na kila miaka mitano inatoa ripoti ya wazi. FRESH wenyewe walifunga kikundi 2006. Ila hofu yako hiyohiyo ndiyo iliyowafanya wananchi wadai jengo la wageni liwepo palepale, maana mafaili hayaaminiki. Mtoto wa shule akiletwa kila mwaka na kuambiwa kilima kina nini ndani, ni vigumu mtu kuja kupima viwanja hapo.

#21 mwana_likasi

Bwana Mipango, aksanti. Swali ya mwisho. Sisi hapa hatuna wakili, hatuna dola milioni 78. Tuanzie wapi?

#22 Bwana Mipango

Visimani. Fernald yote ilianza na visima 3 na karatasi yenye namba. Bila namba utaambiwa unaeneza hofu. Pale Lubumbashi chuo kikuu kina watu waliowahi kupima mikojo ya wakazi wa karibu na migodi ya Katanga, wakakuta kobalti kupita kiasi na urani pia, na matokeo yakachapishwa 2009. Wajua njia hao. Orodhesha visima na vijito ambavyo watu wanavitumia kweli, upande ambao maji yanateremkia kutoka mgodini, andika nani anakunywa wapi, kisha uwapelekee orodha hiyo. Ukifika na orodha mkononi ni vigumu wakurudishe.

#23 mwana_likasi

Mama yangu anajua bisima yote ya upande ule, na majina ya benyewe. Nitaanza kuandika na yeye siku ya Yenga (Jumapili). Na ile K-65 ingine? Ulisema sehemu tu njo ilienda Ohio.

#24 Bwana Mipango

Nyingine iko Lewiston, New York, karibu na maporomoko ya Niagara, imefukiwa palepale. Wahandisi wa jeshi waliamua 2019 kwamba ifukuliwe na kuondolewa. Mpaka leo majirani wanaifuatilia kikao kwa kikao. Ukimaliza orodha, iweke hapahapa tuione.